Kinanda Kilichokuja na Mgeni

Didia, 11 Februari 2024

Kwako mwanangu Violeth,

Pokea salamu zangu na za wote waliomo humu ndani. Mimi naamka, mgongo ndio unanisumbua kwa ajili ya palizi, mvua imekuja nyingi na mahindi yanamezwa na majani. Kaka yako George ni mzima, mke wake amejifungua mtoto wa kike, jina bado wanabishana. Baba yako mkubwa Makoye amevimba miguu lakini mdomo haujavimba, anasema kutwa nzima.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu unaijua mwenyewe. Sikio la kushoto halisikii, la kulia linachagua maneno, mpaka niweke spika ndipo nikupate, na nikiweka spika mji mzima unasogea kuchambua mboga karibu yangu. Haya si ya kuchambulia mboga. Nimempa konda wa basi la huko Katoro na nimemwapisha.

Mwanangu, Jumatano alikuja mwanaume na gari jeupe. Nilikuwa napepeta choroko, nina unga wa vumbi mpaka kwenye kope. Akasema, "Shikamoo mama, nimeleta mzigo wa Violeth." Nikasema marahaba, mzigo gani? "Kinanda, mama. Ndani kuna umeme?" Akakibeba mwenyewe, akakifungia miguu yake, akakisimamisha ukutani pale ilipokuwa cherehani. Kisha akabonyeza mahali, kikaanza kupiga chenyewe, ngoma, filimbi, vyote, na hakuna mkono wa mtu juu yake. Nikasimama mlangoni nikasema kwa jina la Yesu. Akacheka sana. Akasema anaitwa Valerian, anakaa Maganzo, ananunua mawe ya almasi, na huko kwenu ananunua dhahabu.

Mimi mgeni haondoki kwangu na njaa, hilo unalijua. Nikamkamata kuku yule mweusi. Akala akashiba, akaniachia sukari, akaondoka.

Sasa nauliza taratibu. Wewe unaosha vyombo kwa mama lishe, ndivyo ulivyoniambia. Kinanda hiki kimetoka wapi? Na huyu Valerian ni nani kwako? Mwanaume habebi kitu kikubwa hivi kutoka Katoro mpaka Didia kwa ajili ya hewa tu. Ng'wana wane, mwanangu wee, nijibu haraka, nisije nikawa nimekuozesha kwa kuku bila kujua.

Mama yako anayekuwaza,
Paskazia


Katoro, 1 Machi 2024

Mayu, shikamoo.

Nimefurahi kusikia habari za mtoto, mwambieni George asimpe jina la ng'ombe. Huku mimi ni mzima. Vumbi ni lile lile, makarasha ya kusaga mawe yananguruma tangu alfajiri mpaka unasahau kwamba yananguruma. Mafua yamepona. Pole na mgongo, usiiname sana, palizi mwachie George.

Kuhusu kinanda, hicho ni cha nyumbani. Chumba changu huku wezi wameshakivunja mara mbili, ndiyo maana nimeona kikae kwako. Naomba ukifunike kwa kitambaa kizito, kuku wasipande, panya wasifike kwenye waya. Bati likivuja upande ule kisogezwe. Ukiona radi chomoa. Usiwaazime kwaya, na hasa Charles wa Mama Hosiana asikiguse hata kwa kidole.

Valerian alikuwa anakuja huko, garini kulikuwa na nafasi. Ni hivyo tu.

Kazi kwa mama lishe inaendelea vizuri.

Ni mimi mwanao,
Violeth


Didia, 24 Machi 2024

Mwanangu Violeth,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Leo ni Jumapili ya matawi, tumetembea na matawi mpaka barabarani, jua lilikuwa kali, mama mmoja alianguka tukammwagia maji. Mtoto wa George amepewa jina la Suzana. Michembe ya viazi nimeanika, ikikauka nitakuletea gunia dogo.

Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya tano nikamwambia George anisomee, labda macho yangu yanaruka mstari. Umenijibu habari za panya, ambazo sikuuliza.

Violeth, yule mtu amerudi. Safari hii amekuja na wazee wawili na kreti ya soda, na hakuja kwangu, alinyoosha mpaka kwa baba yako mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyeshika nafasi ya marehemu baba yako. Nikaitwa. Nilipofika Makoye ameshakunywa soda mbili. Akaniambia mbele yao, "Mama Violeth, kitu cha huyu bwana kiko ndani mwako?" Nikasema kuna kinanda. "Na kuku alimla?" Alimla. "Ulimpa nini na nini?" Nikasema mapaja, na mgongo, na firigisi.

"Firigisi!" Makoye akaweka chupa chini. "Ulimpa wewe mwenyewe kwa mkono wako?"

Nikasema nilimpa, alikuwa anaitazama.

"Ukampa firigisi mwanaume aliyekuja na kitu cha binti yako, kitu kikalala ndani, na sasa unatuuliza huyu ni nani? Ulishampokea kama mkwe, shemeji. Sisi tunafuata nyuma yako."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Nilimpa kwa sababu George hakuwepo na mimi firigisi inaniumiza jino. Hayo sikuyasema, wanaume wale walikuwa wanacheka tayari. Valerian ameahidi ng'ombe, mavuno yakiisha wanakaa kuzungumza. Na Mama Hosiana ameniambia kanisani, bila kuulizwa, kwamba huyo bwana ana mke Kahama, na mwingine hawajui kama aliachika au amekimbia.

Nikamfuata Makoye jioni ile ile nikamwuliza, kuna njia? Akasema njia ni moja. Kitu kirudishwe mlangoni kwake mbele ya watu, na niseme hajaposwa mtu. Hapo maneno yamekwisha. Kikikaa mpaka mavuno, aliyekubali ni mimi.

Basi nijibu neno moja tu. Kakinunua yeye, au siye? Mimi silali vizuri. Nakitazama pale ukutani kimefunikwa kitenge kama mgonjwa. Juzi nilikifunua nikabonyeza kimoja cheupe, kikalia vizuri sana, nikafunika upesi kama mtu aliyeiba.

Mama yako mwenye firigisi,
Paskazia


Katoro, 11 Aprili 2024

Mayu, shikamoo. Suzana ni jina zuri. Pasaka sikuja kwa sababu sikukuu ndiyo kazi inakuwa nyingi zaidi, nisamehe.

Siye. Hakununua hata waya wake. Hajawahi kunitongoza nikamkubali, na sina mpango naye.

Aliyekinunua naomba usiniulize. Hakijaibiwa, naapa. Ulinifundisha nisikudanganye, na kwenye hili nisipokudanganya itabidi ninyamaze. Wewe kitunze tu. Usimpe mtu yeyote, hata aje na wazee wa wilaya nzima. Nakuomba sana, mayu.

Violeth


Didia, 29 Aprili 2024

Mwanangu Violeth,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Yako mimi sijaiona. Nimekwenda barabarani mara tatu, konda anasema aliyepewa ni mwenzake, na huyo mwenzake amehamia basi la Bukoba. Nikapiga simu, ukasema "nimeshaandika mama, soma," na watu wamejaa, nikakata. Suzana ameanza kucheka. Mahindi yamekauka, wiki ijayo tunavuna.

Ni hayo mavuno ndiyo yaliyonikimbiza. Makoye alianza kupima zizi kwa hatua. Nikasema basi, mtoto asiponijibu jibu lake ni hilo, ameona aibu kutaja. Nikakifunga kinanda kwa blanketi na kanga mbili, George akanisindikiza mpaka Shinyanga mjini, huko nikapanda gari la Maganzo peke yangu. Nimekipakata njia nzima kama mtoto wa homa.

Ofisi ya Valerian iko barabarani pale wanapokaa madalali wa mawe. Walikuwepo wanaume kama kumi na moja, wana tochi ndogo, wanachungulia vijiwe. Nikaweka mzigo juu ya meza yake. Nikasema kwa sauti, na unajua mtu asiyesikia vizuri hana sauti ndogo, nikasema, "Bwana Valerian, kitu chako hiki. Mwanangu Violeth hajaposwa, na ile firigisi ilikuwa bahati mbaya."

Wakacheka mpaka mmoja kaangusha tochi. Valerian yeye hakucheka. Alikitazama kinanda, akanitazama mimi, akatabasamu kidogo, akasema, "Haya mama, nimepokea."

Nilijiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na maneno mengi, yote nimerudi nayo. Mwanangu, umekuwa huru, na mimi ningefurahi, lakini lile tabasamu linanikera. Tangu nimerudi nafagia, nikimaliza nafagia tena.

Niandikie kwamba nimefanya vizuri.

Mama yako,
Paskazia


Katoro, 8 Mei 2024

Mayu, shikamoo. Msalimie Suzana na wote.

Umempa mtu kinanda changu.

Ni changu. Nimekinunua mimi. Sasa nitakuambia, kwa sababu kunyamaza kwangu ndiko kumekuponza. Kwa mama lishe niliosha vyombo mwezi mmoja tu. Tangu hapo napiga kinanda baa. Tuko wanne, mpiga gitaa, mpiga besi, mwimbaji na mimi. Ijumaa, Jumamosi na sikukuu zote, wachimbaji wakitoka mashimoni. Baa ina kinanda chake kibovu ambacho vibao saba havilii, nimejifunza kuviruka. Mwaka mzima nimeweka akiba nikanunua changu. Sikutaka kikae baa wala kanisani. Nilitaka kiwe nyumbani, ukutani pale, nikirudi niwafundishe watoto wa kijiji, wasichana hasa, bila mtu wa kuwaambia ondoka.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Siku ile kanisani walipompa Charles kinanda, wakasema msichana akikaa pale mbele ataivuruga kwaya, wewe ulikuwa benchi la kwanza. Mimi niliyemfundisha Charles pale alipokuwa anakwama. Nikakutazama. Ukatazama kitabu cha nyimbo. Nikajua hata habari ya baa ukiisikia, utatazama kitabu.

Valerian anakunywa pale. Anajua kila kitu, anajua hata siku niliyokinunua, kwa sababu nilimwomba nafasi kwenye gari siku ile ile. Jana amenipigia. Anasema, "Mama yako mwenyewe kasema ni changu, mashahidi ninao. Ukikitaka njoo Maganzo uchukue. Njoo peke yako, kiko chumbani kwangu."

Nitakwenda Jumamosi tarehe 18. Nikishakishika nitajua la kufanya.

Violeth


Didia, 14 Mei 2024

Violeth,

Salamu baadaye. Barua hii anakuletea George kwa mkono wake, nimemtoa shambani mahindi yangali chini.

Usiende Maganzo. Binti akiingia kwa miguu yake chumbani kwa mwanaume ambaye wazee walishakunywa soda yake, hakuna wa kumtoa. Hicho ndicho anachokingojea. Ile barua yako ya Aprili imefika jana, imezunguka Bukoba. Imesema "siye". Nimeishika nikakaa chini kwenye mlango.

Kuhusu benchi la kwanza, ni kweli. Nilitazama kitabu.

Nipe mpaka Jumapili tarehe 26. Nimemwambia Makoye awaite.

Mama


Katoro, 16 Mei 2024

Mayu, shikamoo. George amefika, amekula, amelala kwenye kiti.

Siendi. Nimekupa mpaka hiyo Jumapili. Ila nakuomba habari ya baa usiitaje. Mimi niko mbali, watakayemla nyama ni wewe, na wewe ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Watakuvua. Kama hakuna njia nyingine, bora kinanda kipotee.

Violeth


Didia, 27 Mei 2024

Mwanangu Violeth,

Naanza na salamu ili nitulie kidogo. Suzana ana jino moja. George anasema kiti chako kigumu. Mahindi yameingia ghalani, si mabaya. Makoye anakusalimia, na safari hii salamu yake ina maneno ndani, nitafika huko.

Jana baada ya ibada tulikaa kwa Makoye. Walikuwepo wazee wanne wa hapa, Valerian na watu wake wawili, na Mama Hosiana aliyesema amekuja kuazima ungo. Ungo alipewa, hakuondoka.

Valerian alisimama vizuri, kwa adabu. "Wazee wangu, mimi sina ugomvi na mtu. Nilileta kitu changu, nikapokelewa, nikalishwa. Mama mwenyewe akakirudisha mbele ya watu kumi na moja akisema kitu chako hiki. Leo nasikia si changu. Au mama alikuwa anatania?"

Makoye akaniuliza, "Ulisema hivyo?"

Nikasema nilisema.

"Sasa ni cha nani?"

"Cha Violeth. Kakinunua mwenyewe."

Valerian akaniinamia kama mtu anayemsaidia mgonjwa. "Muosha sahani, mama? Kakinunua kwa kazi gani? Waambie wazee."

Akatabasamu. Lile lile la Maganzo. Hapo ndipo nilipolielewa, mwanangu. Alijua kazi yako, na alijua kwamba mimi nikiijua sitaitaja. Kinanda chako hakukificha chumbani, alikificha mdomoni mwangu. Nikamwona Mama Hosiana amekumbatia ungo, shingo ndefu. Nikatafuta pa kutazama, kitabu hakikuwepo.

Nikasema, "Anapiga kinanda baa. Katoro. Ijumaa na Jumamosi na sikukuu. Haoshi sahani ya mtu."

Mama Hosiana akasema, "Yesu wangu."

Makoye akauliza, "Baa baa?"

"Baa."

"Watu wakinywa?"

"Shemeji, baa unafikiri wanakunywa uji? Wanakunywa, wanalewa, na yeye anapiga. Mwaka mzima. Na huyu bwana yuko pale kila wiki, mwulizeni kama nasema uongo."

Wakamgeukia Valerian. Alikuwa anatafuta neno, lakini yule mtu wake mmoja, mnene, akasahau amekuja upande gani. Akasema, "Yule binti? Yule anapiga, bwana! Siku hayupo watu wanarudi nyumbani mapema." Valerian akamkanyaga mguu, lakini maneno yalishatoka.

Mzee mmoja akauliza, "Basi analipwa?" Nikasema sasa kinanda angekinunua kwa makofi? Wakacheka, na Makoye akacheka mpaka akashika magoti. Kisha akaacha kucheka. Akamwambia Valerian, "Kitu kisichokuwa chako hakiposi mtu. Ulichobeba ni mzigo, na kwa kubeba ulishalishwa kuku. Kilete kabla ng'ombe hawajarudi."

Kimeletwa na bodaboda, kimefungwa kamba kama mbuzi. Adapta hakuileta, George ataitafuta mjini. Kona moja imekwanguka. Vibao nimevihesabu, vyeupe na vyeusi, vipo vyote.

Leo asubuhi akina mama watatu wamekuja. Hawakukaa. Wamesema nipumzike kwanza uongozi mpaka kanisa litakapoona. Nimewapa daftari la mahudhurio na ufunguo wa stoo. Umenionya na ni kweli imekuwa hivyo, na imeniuma, nisikudanganye. Miaka tisa nimeshika ule ufunguo. Mama Hosiana alikuwa wa mwisho kutoka, akageuka akaniuliza, "Na wewe unaona fahari?" Sikuwa nimefikiri kama ni fahari.

Makoye anasema nikuambie jina la baba yako hukulichafua, ila uvae nguo ndefu. Hiyo ndiyo salamu yake.

Mimi mwanangu bado naogopa. Naogopa walevi, naogopa barabara ya kurudi chumbani kwako, naogopa huyo Valerian bado anakunywa pale. Njoo ukiweza, na usipoweza niambie ni kwa nini, hata kama sababu ni mbaya. Tumeshaona kunyamaza kunatufanya nini.

Na kuna jambo limenikalia tangu jana, hata walipokuwa wananichukulia ufunguo nilikuwa nawaza hilo. Watu wale wa mashimoni, wakishakunywa, wakaanza kelele zao, halafu wewe ukaweka mikono pale ukaanza kupiga. Wananyamaza? Wanakusikiliza?

Mama yako,
Paskazia